Viti vya Chekechea

Ukishuka Chaani usitafute mnara.
Hatuna mnara, hatuna kengele.
Uliza shule ya chekechea ya Bi Mghoi,
geti la buluu lililopigwa na trela likapinda.
Ingia kwa ubavu, halifunguki lote.

Ibada ni saa nne.
Saa nne yetu ina mkia:
Nyevu hajafika na ufunguo wa kabati,
na kayamba limo kabatini.

Utakalia kiti cha mtoto wa miaka mitano,
magoti yakaribie kidevu.
Usione haya. Hata fundi Kitsao na urefu wake
hujikunja pale kama futi ya seremala.
Mbele yako kuna ubao, na hesabu za Ijumaa,
na mwandiko wa mwalimu: MSIFUTE.
Hatufuti.
Nambari ya wimbo tunaiandika pembeni,
chini ya tatu kujumlisha nne.

Hakuna atakayekusimamisha useme jina.
Hilo tulilipigia kura, na mimi ndiye niliyesema sana.
Kikapu cha ukili kikikufikia, mpitishie jirani;
mgeni haulizwi mfuko.
Tukisimama, simama au kaa.
Tukifumba macho, fumba, au tazama feni:
ina mapanga matatu, moja limechoka.

Wimbo utaanza chini mno,
maana mwanzishaji ni Mzee Mwadime,
na sauti yake ilibaki bandarini, kwenye vumbi la saruji.
Ubeti wa pili wanawake watauokota
wauweke mahali pake.
Kisha Dama atasoma, kidole juu ya mstari.
Akikosea atarudi nyuma,
nasi tutamngoja.

Kitsao hahubiri kwa kelele.
Kelele zake amezimaliza wiki nzima
kwenye mageti na madirisha ya watu.
Mara nyingine hukwama katikati ya neno,
akaitazama mikono yake yenye makovu ya cheche,
tukabaki kusikiliza trela zikiteremka Kipevu.
Usidhani ibada imeharibika.
Mimi hapo ndipo ninapopapenda.

Nakueleza haya kwa sababu
mara ya kwanza nilikuja kudai.
Syokau alikuwa na mia saba zangu za viazi,
nikaambiwa Jumapili pale hakosekani.
Nikakalia kiti cha mlangoni, mkoba mapajani,
nikingoja amina ya mwisho nimkamate.

Ukafika wakati wa maombi, kila mtu na lake:
mguu wa mjukuu, karo,
binti aliye Saudia ambaye simu yake haiiti tena.
Syokau akainuka. Hakuwa ameniona.
Akasema, "Niombeeni. Nina deni la mama wa viazi.
Nikimwona mbele nakata kona,
na kona zimeniishia."

Wakaomba. Nikafumba macho na mimi,
wala sijui niliombea nini,
pesa au mtu.

Ikaja chai ya tangawizi na mahamri ya jana.
Akageuka na kikombe mkononi,
tukawa uso kwa uso, kikombe kikatetema.
Alifungua pindo la leso akanipa mia tatu.
Mia nne namdai hadi leo,
na tunakaa bega kwa bega,
kwa sababu viti ni vidogo na chumba ni hicho hicho.

Basi ukija, njoo na kitambaa cha jasho,
bati letu halina huruma.
Choo kiko nyuma, mlango wake unashikwa kwa mkono.
Mtoto akilia, alie; hapa ni shuleni kwake.
Getini utanikuta mimi.
Sitakuuliza umefuata nini.
Nitakuonyesha kiti kisichoyumba.
Kipo kimoja tu,
na hicho tumewawekea wageni.